Ishirini na Sita na Nusu

Buti la kulia la Burgi lilipasuka Jumatano asubuhi, stoo, na wala halikuwa limevaliwa. Alilishika tu alifute vumbi, akavuta kibano cha juu, na plastiki ikaachia kuanzia kifundoni mpaka mbele ya vidole, vipande vikadondoka sakafuni kama maganda ya yai. Miaka thelathini ni mingi kwa plastiki. Burgi akakaa juu ya gunia la viazi, akakitazama kilichobaki mkononi, akatamka neno ambalo mpeleka barua hapaswi kulitamka akiwa ndani ya sare.

Mashindano ya klabu ya kuteleza kwenye theluji yalikuwa Jumapili.

Mtu wa mbali angesema, buti tu hilo, si anunue lingine? Lakini hapa kijijini Sankt Oswin klabu ina kanuni yake, na kanuni za klabu zetu huheshimiwa kuliko za barabarani. Kundi lolote likikosa kufikisha watu watano kwenye mstari wa mwisho, miaka miwili mfululizo, linafutwa. Wenye mbao mbili za miguuni wako tele, hawana wasiwasi. Kundi la mabuti magumu ndilo lenye shida. Hao ni wale wachache wanaosimama juu ya ubao mmoja, miguu imefungwa kwenye mabuti ya plastiki, wakaikata theluji kwa ukingo wa ubao huku wamelala mpaka kiwiko kinafagia chini. Wako watano, hawaongezeki. Na mwaka jana walimaliza wanne. Wa tano alianguka kwenye bendera ya mwisho kabisa ya njia, mbele ya meza ya supu, kijiji kizima kikitazama, na jina lake ni Notburga Zirnig, mpeleka barua, yaani Burgi huyu huyu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kundi hilo alilianzisha yeye, akiwa na miaka ishirini na mbili, pamoja na mzee Wendelin wa duka la mabuti kule mjini. Watoto amewalea, wameondoka. Kundi ndilo limebaki, na mwaka huu lilikuwa linamning'inia yeye shingoni.

"Shemeji," alimwambia Korbinian, ndugu wa mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu na mshika saa, "mbona unanitazama hivyo?"

"Naangalia kama una afya, shemeji. Ukianguka tena Jumapili, naandaa maziko."

"Yangu?"

"Ya kundi lako. Wewe utakuja kula tu, kama kawaida yako."

"Andaa supu, shemeji, na safari hii utie chumvi. Maziko muachie padri."

Alicheka aliposema hivyo, lakini kicheko hakikumfika tumboni.

Alhamisi, alipomaliza kugawa barua, aliyatupa mabuti ya zamani nyuma ya gari, lile zima na lile lililopasuka, akateremka mjini. Alimkuta Wendelin amesimama katikati ya duka, mzee wa miaka sabini na moja, mrefu kama nguzo ya simu, penseli sikioni, akiikaripia redio.

"Nataka yale mekundu ya dirishani," Burgi alisema kabla hata ya kufunga mlango. "Yaliyo magumu kuliko yote. Ishirini na sita na nusu."

"Vua soksi."

"Mzee, nimekuambia saizi."

"Na mimi nimekuambia vua soksi. Zote. Naona umevaa mbili mbili."

Akavua. Wendelin akamsimamisha juu ya kipimo cha chuma, akapiga goti, akasogeza kile kibao kidogo mpaka kikagusa kidole gumba. Akatazama. Akatazama tena mguu wa pili. Kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Ishirini na nne na nusu."

"Kipimo chako kibovu."

"Kipimo hiki kimepima nusu ya bonde hili. Sentimita ni sentimita, bibie."

"Miguu yangu naijua mwenyewe! Natembea nayo kilomita kumi na mbili kila siku, theluji, mvua, mbwa wa kila aina."

"Lete buti lako la zamani."

Likaletwa lile zima. Wendelin akachomoa kiatu laini cha ndani, akabaki na ganda tupu, akamwambia atie mguu na kusukuma vidole mpaka viguse mbele. Halafu akateremsha mkono nyuma ya kisigino. Kwa mtu anayetaka kushindana kidogo na bado afurahi, hapo panatakiwa papite kidole kimoja, au kimoja na nusu akiwa mpenda raha. Mkono wa Wendelin ulipita wote mpaka kwenye saa.

"Burgi, hapa nyuma ungeweza kuweka mpangaji." Akaligeuza buti, akaisoma namba. "Hii ndiyo saizi yangu mimi. Mimi! Mwenye mita moja na sentimita tisini. Nani alikuuzia?"

Burgi akakumbuka. Alikuwa binti, alijaribu buti, vidole vikagusa mbele, akasema linabana. Muuzaji wa duka jingine akamletea kubwa zaidi. Akasema hili sasa ni zuri kama kandambili. Ndipo akajizoesha kuvaa soksi mbili na kubana vibano mpaka jino la mwisho, kila mara, huku ameng'ata ulimi. Na kila alipogeukia upande wa kisigino, ubao ulichelewa kumsikia. Yeye akajiambia kwamba ndivyo alivyo, hana kipaji cha upande huo.

"Miaka thelathini," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Usilie dukani kwangu. Lia ukishalipa."

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, kwa sababu Burgi alikubali saizi ila hakukubali rangi. Aliyataka mekundu. Wendelin akamvisha jekundu kushoto na la kijivu, laini zaidi, kulia, akamsimamisha kwenye ubao uliopigiliwa misumari pale sakafuni kwa kazi hiyo.

"Kunja magoti."

Goti la kulia likaenda mbele vizuri. La kushoto likagoma, na Burgi mzima akapinda upande kama mlango uliovunjika bawaba.

"Hayo mekundu ni ya vijana wenye mapaja kama magogo. Wewe una kilo sitini ukiwa umebeba magazeti. Buti usipoweza kulikunja, litakukunja wewe."

"Lakini haya ya kijivu yana rangi ya maji ya vyombo."

"Utakuwa unayatazama au unashuka nayo?"

"Na vidole vinagusa mbele, mzee. Tena vinagusa!"

"Umesimama wima, lazima viguse. Kunja magoti yote mawili. Enhe?"

Akavaa la kijivu kushoto pia, akakunja. Vidole vikarudi nyuma vyenyewe, na kisigino kikatulia mahali pake, kikashikwa pande zote. Burgi hakuwahi kushikwa kisigino namna hiyo maishani. Alikunja tena, akanyanyuka, akakunja, na tabasamu likamtoka bila ruhusa.

Wendelin alivipasha moto viatu vya ndani kwenye kioveni chake, akamvisha vikiwa bado vinafukuta, akamwacha asimame dakika kumi na mbili bila kutikisika ili viichukue sura ya mguu wake. Burgi akatumia dakika hizo kulipiza.

"Na wewe mabuti yako yana umri gani, mzee?"

"Yangu yanatunzwa."

"Nimeuliza umri."

"Yana umri wa kutoulizwa maswali. Na hili la zamani litupe."

"Silitupi. Alfons wangu atapandia maua ya barazani."

Akalirudisha nyuma ya gari, na huko likasahaulika.

Ijumaa na Jumamosi alivaa mabuti mapya nyumbani, kama alivyoagizwa. Alipika nayo, alipiga pasi nayo, aliteremka nayo uani, kuku wakakimbia. Alfons, mumewe, alikuwa anaongeza sauti ya televisheni kila alipopita. Lakini Jumamosi mchana vidole vilikufa ganzi kabisa, na Burgi akaingiwa na hofu. Akawaza kuyarudisha. Akawaza ishirini na tano na nusu, katikati, si dhambi. Mwishowe akapiga simu.

"Vinauma, mzee. Vinauma na havisikii, vyote viwili kwa pamoja."

"Umebana jino la ngapi?"

"La mwisho. La ngapi tena?"

Wendelin akafoka mpaka Alfons akasikia kutoka kwenye kochi. "La mwisho! Mama wee, ulikuwa unabana lile pango lako ili mguu usitoke ukaenda zake! Hili linakushika lenyewe. Fungua! Jino la pili, basi!"

Burgi akafungua. Damu ikarudi vidoleni ikiwasha kama upupu, na baada ya dakika tano alikuwa anacheza jikoni.

Jumapili jua liliwaka, theluji ilikuwa ngumu na kavu, na supu ilinukia mpaka kule juu. Mwalimu Jutta alishuka wa kwanza, akamaliza. Fundi mapaa Roman akamaliza. Severin mwoka mikate akapiga bendera na bega, akayumba, akamaliza. Watatu. Burgi akasimama kwenye kibanda cha kuanzia, na mikono yake, bila kumwuliza, ikainama kubana vibano mpaka mwisho.

"Wee!" Wendelin alifoka nyuma yake, akisubiri zamu yake, ya tano.

Mikono ikarudi. Burgi akavuta pumzi, akajisukuma.

Upande wa vidole ulikuwa kama siku zote. Upande wa kisigino ulikuwa kitu kipya. Aliuegemea, ukamjibu papo hapo. Akauegemea zaidi, kwa uchu, theluji ikaruka ikamwingia mdomoni, na alikuwa anacheka peke yake mlimani kama mwendawazimu. Bendera ya mwisho ikaja, ile ile, meza ya supu ile ile. Akakunja magoti. Kisigino kikatulia. Akapita mstari amesimama, akapiga kelele za furaha, na Alfons akajimwagia supu mkononi.

"Wanne," alisema Korbinian bila kuinua macho kwenye saa. Lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Kisha redio ya mwenyekiti ikakoroma. Ilikuwa sauti ya kule juu. Buti la kushoto la Wendelin lilikuwa limepasuka akilifunga, kuanzia kifundoni mpaka mbele ya vidole.

Watu waliokuwa wakishangilia wakageuka kutazama juu. Burgi alihisi kama mtu amemmwagia theluji mgongoni. Yeye amefanya yake, amefanya yote, na bado kundi linakufa, tena kwa mabuti ya fundi mabuti!

"Baada yenu ni watoto," Korbinian alisema, na safari hii hakutania. "Siwezi kuwaweka kwenye baridi. Nakupa dakika kumi na tano, shemeji. Zaidi ya hapo sina."

"Kumi na tano za nini? Duka liko mjini, na funguo ziko kwenye..."

Hakumaliza. La kushoto, walisema. Lililopasuka stoo lilikuwa la kulia.

Alikimbia. Kwa mabuti yale ya plastiki, akitingisha nyonga kama bata, alikimbia mpaka maegeshoni, akafungua nyuma ya gari, na pale chini ya kapu la viazi palikuwa na buti lake la kushoto, zima, chafu, limejaa makombo. Akalikumbatia, akadandia kamba ya kuvutia watu juu, na mlima mzima ukamwona akipanda, ubao mguu mmoja, buti kuukuu kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Wendelin alikuwa amekaa kwenye theluji, soksi nje, uso umesawijika.

"Ingiza mguu, mzee. Nasikia ni saizi yako."

Akaingiza. Burgi akapiga goti mbele yake, akateremsha kidole nyuma ya kisigino. Kilipita kimoja tu, kwa taabu.

"Kidole kimoja," alisema.

"Miaka thelathini umekuwa ukinivalia buti langu," Wendelin akanong'ona.

"Nilikuwa nakutunzia. Jino la pili, usibane sana!"

Wendelin alishuka dakika ya kumi na nne, mguu mmoja buti jeusi na mwingine la kahawia, polepole, akipita kila bendera kwa heshima kama mtu anayesalimia majirani. Burgi alimfuata kando ya njia, akipiga kelele kila kona. Walipofika chini hakukuwa na mtu aliyekaa. Korbinian alibonyeza saa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akainua kipaza sauti.

"Kundi la mabuti magumu," alisema. "Watano."

Paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, zawadi ya mshindi, alipewa Jutta. Wendelin alikuwa wa mwisho, na Burgi wa pili, nafasi ambayo hakuwahi kuiona. Lakini alipokaa mezani hakuongea habari ya nafasi. Alimshika mzee mkono, akamwangalia mpaka akaacha kula.

"Kesho saa nne nitakuwa dukani kwako," alimwambia. "Utavua soksi, na nitakupima mimi."