Nyumba Iliyovuta Tumbo

Kwa Jumapili ya tatu mfululizo, mshonaji alipakiwa kwenye gari la dalali akapelekwa nje ya mji kutazama nyumba ileile. Ukuta uleule, mlango uleule, na jikoni bomba lilelile, ambalo dalali alilifungua kwa mbwembwe, maji yakatoka, wote wakayatazama kana kwamba hawajapata kuona maji maishani mwao.

"Shule iko mbali?" aliuliza mumewe, ambaye jibu alikuwa nalo tangu Jumapili ya kwanza.

"Dakika tano, mzee wangu."

"Na zahanati?"

"Dakika tano."

"Na kituo cha basi?"

"Hapo ndipo utacheka. Dakika tano!"

Mshonaji hakucheka. Upande ule wa dunia kila kitu kilikuwa dakika tano, na dalali mwenyewe siku hiyo alikuwa amewachelewesha saa nzima. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpa jina lake, Dakika Tano, na alimwita hivyo mbele ya uso wake bila kupepesa.

Mumewe hakusikia lolote. Alikuwa seremala, na kama kawaida yake alikuja na ufito wake, kijiti cha urefu wa mkono mmoja chenye mikato aliyoichonga mwenyewe enzi za kujifunza kazi. Futi za dukani alizidharau. Alisema zinazeeka zinalegea, kisha zinasema uongo. Basi alipiga magoti sakafuni, akaulaza ufito, akauinua, akaulaza, na makalio yake yakawa yanazunguka sebule nzima.

"Fito saba na nusu! Mama watoto, unasikia? Kule tuna nne!"

"Nasikia. Jumapili iliyopita pia zilikuwa saba na nusu, na Jumapili ya kwanza pia. Haijakua."

"Mimi simo kwenye mambo yenu," alisema mama mkwe kutoka kibarazani, alikokwisha kujitafutia pa kukaa, "ila kibaraza hiki kimekaa kama kilipimwa mgongo wangu."

Hapo mshonaji akaenda kusimama dirishani. Kwani yeye hakuwa na ugomvi na nyumba. Nani asiyetaka nyumba yake? Miaka yote walikuwa wakidunduliza, na kwa akiba ile mjini wangepata choo na nusu ya ukuta; huku nje walipata nyumba nzima na uwanja wa nyuma. Hilo alilijua. Kilichomkera ni dirisha.

Kule mjini walikopanga, chumba cha mbele kilikuwa na dirisha linalotazama barabara ya sokoni, na dirishani palikuwa na cherehani yake. Miaka kumi na tisa alishonea pale. Mtu hatoki kwake kwa ajili ya pindo la suruali. Anapita zake, anamwona mshonaji, anakumbuka miguu yake. Huyo ndiye mteja. Dirisha likienda, kazi imekwenda. Na mshonaji asiye na kazi, mume yuko mjini tangu alfajiri, watoto wako shuleni, nyumba kimya, anabaki na nani? Anabaki na mama mkwe, asiyekuwemo, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Hili alimweleza mumewe mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa sauti, ya tatu kwa kugonga sufuria. Jibu lilikuwa lilelile.

"Wateja watakufuata."

"Watanifuata na zipu mkononi? Wapande basi kuja na basi kurudi?"

"Mtu akipenda mkono wako atakufuata. Wewe una jina."

"Jina langu liko dirishani, baba watoto."

Dalali alipowarudisha mjini alizima gari, akashusha sauti kama anayetoa siri ya ndoa. "Kuna mtu mwingine anaitaka. Nawasubiri mpaka Jumatano."

Mshonaji alimfahamu huyo mtu mwingine. Katika kila nyumba dalali aliyowaonyesha alikuwemo, na bado alikuwa hajanunua hata moja. Labda naye ana mke mwenye dirisha.

Jioni ile mumewe aliegemea meza ya cherehani, akasema, "Sasa sema moja. Ndiyo au hapana."

Meza hiyo nayo ina habari yake. Alimtengenezea mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, mti mgumu mtupu, miguu ya kuchonga, droo sita. Aliitengenezea mlemle chumbani ili iwe ya kushtukiza. Alipima ukuta kwa ufito, akapima dirisha, akapima magoti ya mkewe akiwa amekaa. Mlango hakuupima. Mwenye nyumba alipotaka kupaka rangi, wanaume wanne waliivuta, wakaipindua, wakaisimamisha, wakaishia kuipaka rangi na meza yenyewe upande mmoja. Tangu hapo ilikaa pale kama jabali, na seremala ukimtajia alianza kukohoa.

"Nitasema Jumanne," alijibu mshonaji.

"Kwa nini si leo?"

"Kwa sababu nimempima mara moja tu."

"Nani?"

"Nyumba."

Mumewe alitikisa kichwa akaenda kuoga. Lakini mshonaji hakuwa akifanya utani. Kazi yake ilikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata kwa mteja mwenye haraka ya kufa. Mtu akija kupimwa anavuta tumbo. Wote, wanene kwa wembamba, maafisa na wachuuzi, futi ikigusa kiuno tu, tumbo linaingia ndani. Ukikata kitambaa kwa kipimo hicho, nguo itarudi kesho ikiwa imepasuka, na lawama ni zako. Kwa hiyo alimpima mtu, akamwandika, kisha akampigisha soga kuhusu watoto na bei ya vitu, na huku mtu amejisahau, tumbo limerudi kwao, anapima tena. Kipimo cha pili ndicho anachokata.

Na nyumba ile Jumapili zote tatu ilikuwa imevuta tumbo.

Jumatatu mumewe aliamka alfajiri sana, akisema anapeleka kitanda cha mteja. Mshonaji alingoja mlango ufungwe, naye akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Kununua zipu, mama."

"Zipu, saa kumi na mbili asubuhi?"

"Asubuhi zinakuwa nyingi."

"Haya. Mimi simo. Ila ukiiona ile nyumba njiani, nisalimie kibaraza."

Basi la kwenda nje ya mji lilikuwa tupu. Lilikimbia kama limeibwa, na chini ya nusu saa mshonaji alikuwa amefika. Karibu amwamini dalali. Kisha akashuka, akaona foleni.

Ee, foleni! Ilianzia kituoni, ikapita duka la dawa, ikakata kona, ikaenda kuishia langoni pa nyumba yenyewe. Dakika tano za dalali zilikuwa za kweli, tena hukuwa na haja ya kuzitembea. Ukifungua mlango wako tu, umo kwenye foleni. Na basi la kwenda mjini halikuwepo, wala vumbi lake; lililomleta yeye liliendelea mbele na safari.

"Limepita saa ngapi la mwisho?" alimuuliza muuguzi aliyesimama mwisho wa mstari.

"La mwisho? Mama, sisi tunasubiri la kwanza."

Moyo wa mshonaji ukaruka kwa furaha. Amelipata! Tumbo hilo hapo, limening'inia mpaka magotini! Angemrudia mumewe, aweke mikono kiunoni, aseme: baba watoto, nyumba yako ni ya Jumapili tu. Alikuwa tayari anayapanga maneno, yapi yatangulie, wapi apumue, macho yake yalipoangukia mgongo wa muuguzi. Zipu ya gauni lake jeupe ilikuwa imeachia, imebanwa kwa pini tatu, na moja ilikuwa imepinda.

Kuna watu hawawezi kupita mtoto analia. Mshonaji hakuweza kupita pini.

"Mwanangu, hebu geuka."

Sindano na uzi havikukosekana kamwe mkobani mwake. Alimshonea palepale, wakiegemea ukuta wa lango. Hakuwa amekata uzi, mlinzi aliyekuwa mbele yao akainua mguu. Pindo la suruali yake lilikuwa limebanwa kwa pini za stepla.

"Mama, na huu?"

"Umeushonea ofisini huu?"

"Nifanyeje? Huku hakuna fundi. Wa mjini, nikifika bado hajafungua, nikirudi kafunga."

"Hata mmoja hakuna?"

"Huku kuna wauza vocha na wahubiri. Fundi hakuna."

Akashona. Msichana wa shule akaleta mkanda wa sketi, mama mmoja akatoa kabisa koti la mumewe kwenye mfuko, alilokuwa akilitembeza na kulirudisha wiki ya pili sasa. Foleni haikusogea hata hatua, na hakuna aliyekuwa na haraka, wangekwenda wapi? Mshonaji aliinua kichwa kunyoosha shingo, akaliona dirisha la sebule. Jumapili tatu alilitazama likitazama barabara tupu. Leo lilikuwa linatazama watu sitini waliosimama, wasio na la kufanya, na nguo zao mwilini.

"Afanaleki," alisema peke yake, kwa hasira. Kwa maana hakuja kutafuta hilo.

"Anayefuata!" aliita.

Aliyefuata hakusogea. Alikuwa amegeukia ukuta, kofia imeshushwa mpaka puani, kama mtu anayesoma matofali. Lakini kwenye mfuko wake wa nyuma ulichomoza ufito.

"Baba watoto," alisema mshonaji, "kitanda cha mteja umekileta huku?"

Foleni ikainama ili isikie vizuri.

Seremala akageuka taratibu. "Nilitaka kujaribu basi. Nimekuja na lile la kwanza kabisa kutoka mjini, nikaanza kungoja la kurudi."

"Toka saa ngapi?"

"Nimesimama saa moja na nusu. Kituo sijakiona bado." Sauti yake ilikuwa imechanika kama gunia. "Mke wangu, ulisema kweli. Nyumba haitufai. Tumwambie yule mtu hapana, yaishe."

Hebu fikiri mwenyewe. Jumapili tatu! Jumapili tatu mtu anakutoboa masikio kwa fito saba na nusu, anaipima nyumba usingizini, anakwambia wateja watakufuata, na siku unayowapata, wamejipanga mstari wenyewe, yeye anasema hapana.

"Haitufai?" mshonaji alisema, akimnyooshea sindano. "Nani kasema haitufai?"

"Wewe! Tangu mwanzo!"

"Nilisema sina wateja. Sasa nimewashonea watu saba, na huyu wa nane anangoja koti. Wewe umeniona umenyamaza?"

"Nimekuona. Ndiyo maana nikageukia ukuta."

Muuguzi akacheka, akashika zipu yake isije ikafunguka tena.

"Mimi nitafikaje karakana kila siku?" seremala aliuliza. "Nitoke usiku nirudi usiku? Nitakuwa mgeni kwangu!"

"Uwanja wa nyuma umeuona? Ule ambao hukuupima kwa sababu hauna dari? Weka karakana hapo."

"Na wateja wangu? Wateja wangu wako mjini!"

Mshonaji alichoma sindano kwenye kola yake. Alijitengeneza, akavuta pumzi, akafurahia kila neno likitoka.

"Watakufuata, baba watoto. Una jina."

Foleni ilipiga makofi. Seremala akatazama lango, akatazama barabara iendayo mjini isiyo na basi, na mkono wake, wenyewe, ukaenda nyuma ukautoa ufito.

"Uwanja nitaupima tu," alisema. "Sijakubali."

Aliupima mara mbili. Mara ya pili mkewe alimwambia aache kubana kijiti, apime kama mtu anayekwenda kuishi. Walipofika mjini saa nne kasoro, wamebanana basini kama nguo kwenye sanduku, seremala alikuwa amekwisha kupanga mbao zikae upande gani mvua isizifikie.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Zipu ziko wapi?"

"Ziko kwa wenyewe, mama. Nimezishona."

"Na wewe, mwanangu, kitanda kimefika?"

Seremala alianza kukohoa. Hakukohoa kwa ajili ya kitanda. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatazama meza ya cherehani, kisha mlango, kisha meza.

"Hii hatuiachi," alisema mshonaji. "Ninaponunua dirisha, meza inakuja."

"Haitoki. Unajua haitoki."

"Najua. Leta msumeno."

"Miguu ile niliichonga mwezi mzima!"

"Na mlango ungeupima kwa dakika tano."

Seremala alikaa kitako juu ya meza yake, akaipapasa pembe moja, akaipapasa nyingine. Mke alitoa futi yake ya kitambaa shingoni, ile izeekayo na kusema uongo, akaenda mlangoni, akapima upana, akaandika. Kisha akakaa akamsimulia mama mkwe habari za foleni na koti lililotembezwa wiki mbili, mpaka kila mtu akajisahau, akasimama akapima tena.

"Kata hapa," alisema, akichora mstari kwa chaki ya nguo.

"Mimi simo," alisema mama mkwe, akivuta kiti akae pazuri pa kuonea, "ila angekata kidole kimoja kushoto zaidi."