Mufungwa wa Namba Kumi na Saba

Alibumu ya Mwanvua ilikuwa imejaa yote, imebaki tundu moja tu, na kwa sababu ya tundu ile Mzee Abedi alikuwa anakaribia kumuoa.

Ngoja, twende polepole. Ilikuwa wakati ya Babeleji, wazungu wenye kutawala Kongo, pale Kasongo, mwaka ile sabuni ya Njiwa ilitokea. Ukifungua karatasi ya sabuni unakuta picha ndogo, ngumu, ya rangi: muzungu juu ya kinga ya kukanyaga, ndiyo baiskeli, muzungu ndani ya maji, wazungu wawili wanapigana ngumi na polisi hayuko wa kuwaachanisha. Michezo ya dunia nzima! Unabandika picha kwenye alibumu na uji ya muhogo, na mwenye kujaza alibumu na kuituma Ulaya, kampuni inamutumia mashini ya kushona kutoka Ulaya. Nyeusi, na maua ya dhahabu kwenye shingo.

Kasongo ilifua nguo mwaka ile, usiseme! Watu walifua mpaka nguo ambazo hazijavaliwa.

Mwanvua alikuwa anashona kwa mukono. Bwana wake wa kwanza alimuacha, akarudi kukaa kwa yaya wake, kaka yake mukubwa Hemedi, na Hemedi alichoka kumulisha.

"Yaya, Mzee Abedi mimi simutaki."

"Iko na duka, iko na shamba ya muchele, iko na wake wawili watakusaidia kazi."

"Kazi gani? Ya kumukuna mugongo?"

"Mwanvua!"

"Anataka fundi wa bure wa kushona kanzu zake, yaya. Alinipima kwa macho, hakuangalia sura. Aliangalia vidole."

Hemedi alitaka kucheka, akajizuia, ni mukubwa. "Sikia. Nakupa mpaka Idi. Ukipata ile mashini yako, utakula jasho yako, sitakusukuma. Ukikosa, Idi ikipita tunafunga ndoa."

Na picha iliyokosekana ilikuwa namba kumi na saba.

Ubaya ni kwamba Mwanvua alikuwa nayo zamani. Aliipata kwenye sabuni ya kwanza kabisa! Akaiangalia: mutu amevaa mistari kutoka shingo mpaka miguu, kofia kichwani, fimbo kubwa kwenye bega. Na Kasongo nzima wanajua ni nani anavaa mistari. Mufungwa! Mufungwa wa boloko, gereza ya serikali, anayevaa mistari ili akitoroka aonekane tangu mbali. Jirani alisema, "Kama ni mufungwa, fimbo alipewa na nani?" Mwingine akajibu, "Basi amemunyang'anya polisi. Hiyo ni mbaya zaidi." Kufika jioni neno lilikuwa limezunguka muji wote: ukiweka picha ile nyumbani, polisi watakuja kumutafuta mutu wao, na watakukuta wewe. Mwanvua aliitupa kwenye choo. Watu wote walifanya vile vile. Wengine waliichoma moto, na sabuni yake wakaiogopa, na tangu pale namba ile haikutoka tena.

Sasa akaenda kumuuliza Placide, karani wa duka ya Mugiriki, yule mwenye kuvaa tai hata akienda kuchota maji.

"Placide, ile picha ya mufungwa ilitoka wapi? Na wafungwa wanatafuta nini kwenye sabuni?"

Placide alifurahi, hakuna mutu alikuwa anamuuliza kitu. "Dada, zamani kule Ulaya na Amerika pakiti ya sigara ilikuwa laini, sigara zinavunjika. Wakatia kikaratasi kigumu ndani. Halafu mutu mwenye akili akasema, kwa nini kikae bure? Tuchore picha. Watu wakaanza kutunza picha, wakasahau sigara. Ikaingia kwenye pipi ya shokola, ikaingia kwenye sabuni. Wazee wazima kule wanabadilishana picha na kugombana. Na yule si mufungwa. Ni Mwamerika, anacheza."

"Anacheza nini na fimbo?"

"Wanamutupia mupira, anaupiga, anakimbia."

"Nani anamukimbiza?"

"Hakuna. Anazunguka, anarudi pale alitoka."

Mwanvua alifikiri. "Sasa alitoka kufanya nini?"

Placide alikaza tai yake. Lakini alisema kitu kimoja cha maana: yeye mwenyewe alisikia kwamba upande wa kijiji ya Wamaza watu hawakutupa picha. Waliogopa hata kuitupa.

Mwanvua akapanda kamyo, lori ya Kassimu, dereva mwenye mudomo kuliko motere yake. Kufika Wamaza, Mama Louise, muuza ndizi, akamuambia, "Iye! Mimi nitupe mufungwa wa serikali? Nikiulizwa nitasema nini? Tulimurudisha. Sisi wote tulikuwa tunawatuma Kabambare, kwa polisi André wa boloko. Mufungwa anarudishwa kwa mwenyewe."

Kabambare basi! Mwanvua akafika na sahani yake ya wali na sombe ya majani ya muhogo ndani ya kitambaa, hajala tangu asubuhi. Na anakuta nini? Administrateur, muzungu mukubwa wa serikali, anakuja kukagua, na wafungwa wa kweli, na mistari yao, wanapaka ukuta ya boloko chokaa. Ukuta ile André alikuwa ameibandika picha zote, safu na safu, Wamerika na fimbo zao, kama siku ya kuita majina. Burashi ilikuwa imeshawafunika karibu wote. Amebaki mumoja, pembeni ya mulango, na mufungwa mumoja mwenye mvi ameinua burashi.

"Simama!" Mwanvua alipiga kelele. "Usimupake huyo!"

Mufungwa akasimama. Chokaa ikamudondokea kwenye kichwa.

André akatoka, tumbo mbele. "Nani anatoa amri kwenye boloko yangu?"

"Polisi, shikamoo. Naomba picha ile."

"Marahaba. Picha gani? Mimi naona mufungwa. Aliletwa hapa, alipokelewa. Mufungwa hatoki hivi hivi, mama. Anatoka kama ndugu yake amekuja kumudai. Wewe ni nani yake?"

Alikuwa anacheza? Alikuwa anasema kweli? Kwa André hakuna mutu alijua, hata muke yake. Mwanvua aliangalia burashi. Aliona ndani ya akili kanzu za Mzee Abedi zimepangwa mpaka kwenye dari.

"Mimi ni muke yake," akasema.

Wafungwa wakaacha kazi yote.

"Muke yake!" André akakaa kwenye ndoo. "Anaitwa nani, bwana yako?"

"Mutu na muke yake hawaitani majina, polisi. Namuita Baba wa Fimbo."

"Na aliiba nini?"

"Hakuiba. Alipiga mupira akakimbia, mukamukamata bure."

"Wote wanasema hivyo," mufungwa mwenye mvi akasema, na wenzake wakaguna.

André akamuinulia kidole. "Nataka shahidi."

Kassimu alikuwa pale anatia maji kwenye motere, na mutu kama Kassimu hawezi kuacha shauri impite. Akakimbia. "Mimi ni shahidi! Njia nzima alikuwa analia juu ya bwana yake!" Na wafungwa wakasema nao ni mashahidi, wanamujua shemeji tangu zamani, na sahani ile bila shaka ni chakula ya bwana yake.

"Ni chakula yake," Mwanvua alisema, na tumbo yake ikamulaani.

"Kwa kuwa hana mudomo wa kutafuna," mwenye mvi alisema kwa heshima, "sisi ndugu zake tutamusaidia."

Walimusaidia mpaka sahani ikang'aa. André mwenyewe akalowesha ukuta na maji moto, uji ya muhogo ukalegea, Mwamerika akashuka muzima. Lakini alikuwa amelowa, ikabidi aanikwe kwanza kwenye jua. Kassimu hakungoja. Alikuwa na muzigo ya kupeleka Kasongo, na sasa alikuwa na habari vilevile, na habari ndiyo ilikuwa inamuwasha zaidi.

Mwanvua alipoingia Kasongo na kamyo nyingine, wanawake wa sokoni walimupigia vigelegele. "Karibu, muke wa mufungwa!"

Nyumbani Hemedi alikuwa amesimama kwenye barza, mikono kiunoni.

"Umeolewa na karatasi?"

"Yaya, nitaeleza."

"Mzee Abedi alikuja hapa asubuhi. Amesema Kassimu ni shahidi, polisi ni shahidi, boloko nzima ni shahidi, wewe mwenyewe ulisema kwa mudomo yako una bwana. Amesema yeye ni mutu wa dini, hawezi kuoa muke wa mutu. Amechukua mbuzi wake wa mahari amerudi naye!"

Mwanvua alikaa chini. Mbuzi amerudi! Alitaka kucheka, na hapo hapo kicheko kikakauka. Akatoa picha kwenye kanga. Akibandika Baba wa Fimbo kwenye alibumu, alibumu inaenda Ulaya, na bwana anaenda nayo. Mzee Abedi atasikia muke amebaki bila bwana, mbuzi atarudi mbio. Akimuweka nyumbani, hakuna mashini, na Idi ikipita Hemedi atatafuta Mzee Abedi mwingine, asiyeogopa bwana wa karatasi. Hawakosekani.

Alimuangalia Mwamerika. Mwamerika naye alikuwa anaangalia mbali, anangojea mupira wake.

"Yaya," akasema polepole, "kama bwana ya mutu amesafiri kwenda kazi Ulaya, muke yake anaolewa?"

Hemedi alikuna kichwa. "Hapana. Anamungojea."

"Basi chota uji ya muhogo."

Alibumu ikaenda na mizigo ya Mugiriki, Placide aliifunga mwenyewe na kamba, ameweka tai mpya. Idi ikafika, Idi ikapita, Hemedi alinung'unika lakini muke wa mutu ni muke wa mutu. Na siku moja sanduku ikashuka kwenye kamyo ya Kassimu, na ndani iko mashini, nyeusi, na maua ya dhahabu kwenye shingo.

Muteja wa kwanza alikuwa polisi André. Alileta furushi ya kitambaa cha mistari, nguo mpya za wafungwa wa Kabambare, na akauliza na sura kavu kabisa, "Shemeji, na ya bwana yako tukate ngapi? Akirudi asikose ya kuvaa."

Muteja wa pili alikuwa Mzee Abedi. Aliweka kanzu juu ya meza, akakohoa, akaangalia vidole vya Mwanvua.

"Mwanangu, bwana bado hajarudi?"

"Bado, mzee," Mwanvua alisema, akazungusha mukono wa mashini. "Alipiga mupira, anakimbia. Wanasema akimaliza kuzunguka atarudi palepale alitoka."

"Na kuzunguka kule ni mbali?"

"Placide anasema ni dunia nzima. Kanzu ni ya kulipa, mzee."