Jina Limeshachukuliwa

...na bado anaongea, kaka yangu Talha, simu nimeibana kati ya sikio na bega kama nilivyokuwa nikifanya dukani mikono ikiwa imejaa zipu, anaongea kwa ile sauti yake ya pole ya kumbembeleza mtu aliyekwisha kushindwa, nisikilize kwanza Mauza, nisikilize mdogo wangu, na mimi namsikiliza huku macho hayabanduki kwenye kompyuta ya Augustino, kwenye kile kisanduku cheupe tulichoandika jina la baba, hamud nukta co nukta tz, na chini yake neno moja jekundu, limeshachukuliwa, dakika tano zilizopita nilidhani ni matatizo ya mtandao, nikamwambia Augustino ajaribu tena, labda amekosea herufi, akajaribu, akasema dada Mauza hili jina lina mwenyewe, limesajiliwa juzijuzi tu, na kabla sijauliza ni Hamud gani mwingine aliyezuka Bongo hii, nikajua, mwili ulijua kabla ya kichwa, nikampigia Talha, na wala hakukana, hilo ndilo linaloniunguza, mtu akikana unapata pa kumshika, yeye amesema tu, "Nimelichukua mimi. Nimeliweka salama," kama mtu aliyeanua nguo za jirani mvua ilipotaka kunyesha, salama na nani, najiuliza, salama na nani kaka, wakati aliyekuambia habari za jina hilo ni mimi, mimi na miguu yangu, Jumapili ile nilivaa baibui langu zuri nikaenda kwako Upanga kama mtoto anayekwenda kuomba ruhusa ya safari ya shule, nikakaa kwenye kochi lako nikakueleza yote, kwamba nafungua duka la mtandaoni, vifungo, zipu, uzi, lesi, vyote alivyoviacha baba, kwamba nimepata fundi wa kompyuta, Augustino, mtu wa Newala, ana ofisi yake ghorofa ya tatu, mtaa wa pili tu kutoka lilipokuwa duka letu, kwamba jina la duka la mtandaoni ni kama kibao cha mlangoni, anayewahi kulisajili ndiye mwenye nalo, na mtu hata awe Tunduru akiliandika kwenye simu yake anaingia dukani moja kwa moja, nikakuambia nataka liitwe kwa jina la baba, ukanimiminia kahawa nyingine kwa mkono wako mwenyewe, ukasema wazo zuri, nipe siku chache nilitafakari... siku nne, Augustino amenionyesha tarehe, ulitafakari siku nne ukaenda kulichukua.

Anasema jina la ukoo si mali ya mtu mmoja, tuko warithi, anasema, na mitandao unaijua ilivyo, mteja akipata zipu mbovu atamtukana nani, atamtukana marehemu, na maneno mengine yananipita kwa sababu huko chini mchukuzi anapiga kelele za mzigo, mzigo, kaa pembeni, na spika ya duka la vyombo inarudia tangazo lilelile tangu asubuhi... zipu mbovu, tangu lini zipu mbovu ikatoka mikononi mwangu, kila zipu niliyouza niliivuta juu na chini mara tatu mbele ya macho ya mteja, baba ndiye aliyenifundisha, nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia nyuma ya kaunta ile, na nilikuwa na arobaini na moja nilipotoka, alinifundisha kukijua kifungo kwa kidole, cha kombe kina ubaridi hata wakati wa jua kali, cha mfupa kina mikwaruzo midogo mgongoni, cha plastiki ni chepesi kama uongo, ndivyo alivyokuwa akisema, chepesi kama uongo, na macho yake yalipoanza kuingia giza ni mimi niliyekuwa macho yake, fundi anakuja na kipande cha kitambaa anataka uzi wa kufanana, baba anakishika, anakigeuza, anakohoa kidogo, halafu ananinyooshea mimi bila kusema kitu, nami nasema baba huu ni bluu ya wino, si ile ya shule, naye anamwambia fundi, bluu ya wino hii, si ile ya shule, na fundi anaondoka akimsifu mzee kwa kujua rangi, miaka sita tuliucheza mchezo ule wa watu wawili, mzee na macho yake, sikuona vibaya, nilijiona mkubwa, nilijiona nina siri na baba... Talha alikuwa wapi, Talha alikuwa akija Jumamosi, anakaa kwenye kiti cha mbele, anasalimiwa na wateja, shikamoo mtoto wa mzee, marahaba, na baba alipofariki hata arobaini haijafika akanipigia simu, kama leo hivi, sauti hiihii, akaniambia fremu ameshairudisha kwa mwenye jengo, kwamba mwanamke peke yake Kariakoo atahangaika, na hivyo vifungo, akasema, waite watu wa vyuma chakavu waone kama wanaweza kuvitumia, takataka zile. Maboksi mia tatu na kumi na mawili. Niliyahesabu wakati wachukuzi wanayapandisha ngazi za jengo hili, chumba kile cha mwisho kwenye korido hii, kila boksi nimebandika kifungo kimoja kwa nje ili nisihitaji kufungua, takataka.

"Tufanye hivi," Talha anasema, na hapo namsikia vizuri maana ameinua sauti kidogo. "Duka liwe chini yangu, kwa jina hilohilo la mzee. Wewe ushughulike na vifungo vyako. Kila mtu na kazi yake."

Kila mtu na kazi yake, yaani mimi nitafute rangi na yeye aitaje mbele za watu, nimeshaifanya kazi hiyo, kaka, niliifanya miaka sita kwa mtu niliyempenda na ambaye alikuwa haoni, wewe unaona vizuri sana... na Augustino ameondoa mikono kwenye kibodi ameiweka mapajani, anaangalia dirishani kwa adabu, anajifanya hasikii, mtu mstaarabu, mwanzoni alinipa majina ya Kizungu, akasema dada siku hizi wengi wanapenda Kizungu, akaniandikia matatu kwenye karatasi, nikamwambia wateja wangu ni mafundi wa cherehani wa Masasi na Nachingwea, hayo wataanza na herufi gani, akacheka akayakata kwa kalamu, nikamwambia mimi ninalo jina tayari, jina la baba, nikalitamka kwa kiburi, na sasa kiburi hicho nimekikalia hapa kama mtu aliyeketi kwenye kiti chenye rangi mbichi. Jina la baba. Kibao kilikuwa juu ya mlango, herufi nyekundu kwenye njano, HAMUD & SONS, nilikuwa na miaka tisa mwalimu wa Kiingereza alipotufundisha neno lile, watoto wa kiume, akasema, na mabinti wana neno lao lingine, nikaenda dukani na begi langu mgongoni nikamuuliza baba, mimi niko wapi pale juu, baba akacheka, akanipa kashata, akasema mchoraji ndiye aliyekosea, mimi nilimwambia aandike Hamud na watoto wake, yeye akajitia kujua Kizungu, na mimi nikamwamini, nimemwamini miaka thelathini na zaidi, nimekuwa nikilisimulia kama kichekesho cha familia... lakini kibao kile kilipakwa rangi upya, ngoja, ngoja kwanza, kilipakwa upya mara mbili, mara ya kwanza jua lilipokibabua, nilikuwa kidato cha pili, na mara ya pili nilikuwa nafanya kazi palepale, mimi mwenyewe ndiye niliyeishika ngazi mchoraji asianguke, na baba alikuwa amesimama barabarani mikono kiunoni anamwelekeza, panda juu kidogo, nenepesha herufi, na macho yake wakati huo yalikuwa mazima. Mara mbili alipata nafasi ya kusahihisha. Mara mbili.

Inauma, sitajidanganya kwamba haiumi, inauma kuliko haya ya Talha, kwa sababu Talha nilikuwa namjua, na baba nampenda, Mungu amrehemu, nampenda na leo hii nikimkuta nitamshika mkono nimvushe barabara ya Msimbazi, lakini upendo ni kitu kimoja na kibao ni kitu kingine, na mimi nimekaa hapa nikipigania mlango ambao juu yake hawakuniandika, siyo kaka tu, wote wawili, mmoja kwa kahawa na mwingine kwa kashata... Talha anasema upo, Mauza, upo, mbona kimya, nasema nipo, anaendelea, anasema kuhusu heshima, anasema mitandaoni watu watakuchezea, unakumbuka shuleni walivyokuwa wakikuita, na hapo karibu nicheke, maana kweli walikuwa wakiniita Mauzauza, kila asubuhi mstarini, Mauzauza huyo anakuja, na aliyeanzisha ni yeye, Talha, aliwaambia wenzake kwamba mdogo wangu jina lake ni nusu, limaliziwe, nililia mwaka mzima, nilitaka kuitwa Fatuma, nilitaka jina lolote ambalo haliongezewi kitu, na simu yangu nayo hadi leo nikiliandika inalibadilisha inasema mauzo, hata mashine haiamini kwamba ni jina la mtu... lakini Anifa analiamini. Anifa wa Masasi, fundi wa magauni ya harusi, hajawahi kufika Dar, sijawahi kumuona uso, miaka minane ananitumia picha ya kifungo kilichopotea nami namtumia pacha wake kwa basi, mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti, cherehani inasikika kwa nyuma, alisema, "Dada Mauza, mafundi wenzangu huku wananiuliza vifungo vya Mauza vinapatikana wapi, nami nashindwa kuwaelekeza. Wakikutafuta waandike nini?" Waandike nini, nikamjibu subiri kidogo, naandaa jina, sikusikia alichokuwa amekwisha kusema, vifungo vya Mauza, hakuna fundi hata mmoja kusini nzima aliyewahi kuniambia vifungo vya Hamud, wala vya wanawe, huko jina linatembea lenyewe, limeshonwa kwenye magauni, na mimi niko hapa naomba lingine Upanga.

"Talha," nasema, na sauti yangu inanishangaza, haina machozi, haina hata ukali, "jina la mzee ni lako. Lilee. Kila mwaka uwe unalihuisha, usilisahau." Anaanza tena, anasema usikasirike, nani amesema nakasirika, anasema tukutane kwanza na mama mdogo tulizungumze, anasema mambo haya hayataki haraka, na mimi naitoa simu begani, siikati, kumkatia simu kaka mkubwa siwezi, nailaza tu mezani kifudifudi, anaendelea kuongea na mbao. Nikamwambia Augustino futa hilo. Andika Mauza. Akaniangalia kidogo, akauliza peke yake, dada, bila neno la vifungo, bila Dar, nikasema peke yake, akasema watu watadhani ni mauzo wamekosea herufi, nikasema wakikosea watakuwa wamefika dukani, kuna ubaya gani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nipige simu ile, akafuta herufi za baba moja baada ya nyingine, na nilizitazama zikiondoka, sikugeuza uso, akaandika, akabonyeza, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao wa jengo hili unakwenda kwa miguu, na katika kuzunguka kule nilijua kwamba hata likirudi jekundu sitarudi Upanga, nitaongeza herufi, nitaongeza lile la shuleni ikibidi, nitajiita Mauzauza waziwazi niwauzie wote, na lilipokuja lilikuja la kijani, linapatikana, muda wote huu lilikuwepo, hakuna aliyelitaka. Augustino anasema sasa kuna fomu, fupi tu, halafu nitalielekeza kwenye duka, kesho asubuhi Masasi watakuwa wanaliona, anasoma mstari wa kwanza, jina la mmiliki, na anauliza, vidole tayari viko juu ya kibodi, tuandike la nani, dada, na kutoka mezani sauti ndogo ya Talha bado inasema upo, upo, na ninamwambia Augustino asogeze kiti, hapo nitajaza mwenyewe, anasogea, ninakaa mbele ya kibodi ambayo sijawahi kuizoea, ninanyoosha kidole kimoja, ninatafuta M, si huko juu, si hapa katikati, iko chini upande wa kulia, nimeiona.