Mgongo Wangu Gatini

Oddny alinipa habari ya meli huku akimenya viazi, kwa sababu anajua nikiwa na njaa sibishani kwa muda mrefu.

"Nimeshika vitanda viwili," alisema. "Kwenye meli ya Juni. Inatoka Bergen, inapanda na pwani hadi kaskazini, halafu inarudi. Ni kwa ajili ya miaka yetu hamsini ya ndoa. Ijumaa ya wiki ijayo wanataka jibu."

"Meli gani hiyo?"

"Meli ya kitalii, Torleiv. Ulidhani ya makaa?"

Nilifunga kitabu changu. Hapa Skardvik mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Hori. Hori letu ni mkono mwembamba wa bahari, milima imesimama pande zote mbili, na kila kiangazi meli zenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la mkoa huu huingia humo na kupuliza moshi. Moshi hauna pa kwenda. Unalala juu ya mapaa yetu mpaka jioni. Nimeliandika jambo hilo katika gazeti la wilaya mara nyingi, kwa lugha safi, maana lugha nilijifunza shule ya jioni baada ya kutwa nzima ya kulipua miamba, na sikujifunza ili niifungie kabatini.

Zaidi ya kuandika, nina desturi yangu. Kila meli inapong'oa nanga, nasimama mwisho wa gati na kuipa mgongo. Siimbi wala sipigi kelele. Nasimama wima, kofia kichwani, mpaka meli ipotee nyuma ya mlima. Kijijini wananiita Mgongo. "Mgongo ameshatoka leo?" huulizana dukani, na kwa jibu hilo hujua kama meli imeondoka.

Oddny naye huwa kwenye gati hilohilo, upande wa pili. Yeye na wenzake wa Jumuiya ya Wanawake huuza kahawa na vimkate vya moto vyenye umbo la moyo, na jamu ya stroberi juu yake. Honi ya kuondoka ikilia, wanawake hutandua vitambaa vyeupe vya meza, wakavikung'uta makombo, kisha wakavipunga juu kuwaaga abiria. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao pia. Basi meli moja huagwa na mke wangu kwa kitambaa na kuagwa na mimi kwa mgongo, halafu sisi wawili tunarudi nyumbani kula samaki. Tumeishi hivyo kwa amani.

"Unataka nipande kitu nilichokipa mgongo miaka yote hii?" nilimuuliza.

"Sikulazimishi. Usipotaka, ataenda Borgny."

Borgny ni dada yake. Akilala kwetu, vikombe hutikisika kabatini.

"Borgny anakoroma," nilisema.

"Anakoroma, ndiyo. Lakini hahutubii."

Sikusema hapana. Mtu aliyejisomesha hasemi hapana kabla ya kuchunguza. Nilichukua kijitabu cha meli na miwani yangu, na kabla viazi havijaiva nilikuwa nimeshapata kasoro ya kwanza.

"Chumba chenyewe hakina dirisha."

"Vyenye madirisha vimeshaisha."

"Binadamu hawezi kulala kwenye sanduku, Oddny."

"Wewe umechimba mahandaki ya barabara tangu ujana mpaka pensheni. Huo mlima ulikuwa na madirisha?"

"Ile ilikuwa kazi!"

"Na hii ni mapumziko. Giza ni lilelile, ila chakula kizuri zaidi."

Nilimwambia maneno hayathibitishi kitu, tufanye jaribio. Kijitabu kilikuwa na mchoro wa chumba pamoja na vipimo vyake. Jumamosi, mvua ikinyesha, niliingia katika banda la mashua na kukichora chumba hicho sakafuni kwa chaki: mlango hapa, bafu pale, kabati kwenye kona. Nikatundika maturubai kama kuta na kutandika magodoro mawili. Niliamini nusu saa ndani ya kisanduku kile ingetosha kumfanya Oddny mwenyewe aombe tubaki nyumbani. Alikuja na sufuria ya kahawa, akavua viatu mlangoni, yaani kwenye mstari wa mlango, akajinyoosha kwenye godoro lake na kuanza kufuma soksi. Mimi nilifungua kitabu.

Nilichokumbuka baadaye ni Oddny akinisukuma bega.

"Amka. Umelala mchana kutwa."

"Nilikuwa natafakari."

"Ulikuwa unatafakari kwa sauti. Borgny amepata mpinzani."

Kabla sijajibu, turubai lilifunuliwa, na Arvid akaingia akitafuta msumeno wangu. Arvid ni katibu wa kamati. Zamani alikuwa nahodha wa kivuko, na bango letu likibebwa, upande mmoja nashika mimi na wa pili anashika yeye.

"Jamani!" alisema. "Oddny, umemfukuza mzee nyumbani, halafu ukamhurumia ukamfuata?"

"Tunajaribu chumba cha meli ya kitalii, Arvid. Na hapo uliposimama ni bafuni."

Arvid alitazama miguu yake, akaruka mstari wa chaki kwa adabu. Kisha akanitazama mimi.

"Mwenyekiti. Sema si kweli."

"Ni uchunguzi tu."

"Uchunguzi."

"Wa kisayansi."

"Mwenyekiti, umevaa soksi za kulalia."

Skardvik haina gazeti la jioni, ina Arvid. Jumatatu nilipokwenda dukani kununua kahawa, mwuzaji aliniuliza kwa upole kama ningependa yenye dirisha la kutazama bahari. Watu wote kwenye foleni wakaanza kukohoa. Nilirudi nyumbani nimenyooka kama nguzo, lakini ndani nilikuwa nimeumia. Sikurithi jina wala shamba kubwa. Heshima niliyo nayo kijijini niliijenga mwenyewe, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ilikuwa imesimama mwisho wa gati.

Nikatafuta njia ya katikati. Jumanne usiku nilipitia kijitabu chote, na Jumatano asubuhi nikamfuata Oddny alipokuwa akipiga pasi vitambaa vya meza.

"Nimekubali," nilisema. "Kwa sharti moja. Tuchukue meli nyingine. Hii yako ina kosa kwenye ratiba, inasimama hapa Skardvik. Nani analipa apelekwe nyumbani kwake? Zipo meli ambazo hazitujui kabisa. Tunapanda Bergen, tunashuka Bergen, na hakuna atakayetuona."

Hakuacha kupiga pasi.

"Si kosa. Niliichagua kwa sababu inasimama hapa."

"Oddny!"

"Tulia nikueleze. Nimepunga vitambaa hivi zaidi ya miaka thelathini. Wale wa juu nao wananipungia. Sasa mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Wanaponipungia, wananiona mimi? Wananiona kwamba ni mama fulani mwenye koti la bluu, amechoka, amesimama tangu asubuhi? Au wanaona kitambaa tu?"

"Si ungewauliza?"

"Nilimwuliza Mjerumani mmoja. Akasema vizuri, vizuri sana, akanunua kimkate cha pili."

Akakunja kitambaa, akachukua kingine.

"Vituo vingine vya meli sivitaki hata bure," alisema. "Kaskazini nimeshafika. Nataka ile robo saa ya kuondoka hapa, nikiwa kule juu. Na ningependa uwe karibu yangu, lakini kama unaliogopea jina lako, baki nalo. Sitakununia. Nitakwenda na Borgny na pamba za masikioni."

Nilikaa mezani kulipigia hesabu swali lake. Nilijua urefu wa sitaha na nilijua umbali wa gati, na jicho la binadamu nimelisoma vizuri. Lakini hesabu haikukubali kufungika. Mengine yalitegemea mwanga, mengine yalitegemea kama mtu wa juu ana haja ya kutazama. Nilipanda mpaka kwenye mteremko nyuma ya kanisa nikatazama gati kutoka huko, ila ni mbali mno, haikulingana. Mke wangu alikuwa ameniuliza swali ambalo hakuna mtu Skardvik aliyekuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa mahali pamoja tu. Na zaidi ya hayo, nilipojaribu kumwona kichwani akiwa kule juu, Borgny ndiye aliyekuwa amesimama pembeni yake akila peremende. Sikupendezwa.

"Vipi?" aliuliza Oddny niliporudi.

"Haihesabiki. Lazima mtu aende."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye macho mazuri na akili ya uchunguzi."

"Basi nimpigie Borgny," alisema, na alipoona uso wangu akacheka mpaka akaiinua pasi isiunguze kitambaa.

Alhamisi niliitisha kamati, kwa sababu sikutaka Arvid awatangulie na habari zangu. Nilisimama nikawaambia: ninakwenda na mke wangu, naona moshi ni mbaya vilevile kama jana, na nikirudi nitaendelea kuandika kudai meli zichomekwe umeme wa nchi kavu zinapotia nanga.

Arvid alitaka nijiuzulu.

"Sawa," nilisema. "Na barua ataandika nani?"

Watu waliangalia vikombe vyao.

"Asijiuzulu," alisema Arvid baada ya kufikiri. "Lakini kanuni ni kanuni. Meli yako ikiondoka, tunaipa mgongo. Na wewe ndani yake."

"Nitashangaa msipofanya hivyo," nilimjibu. Kanuni yenyewe niliiandika mimi.

Ijumaa Oddny alipiga simu Bergen, na Juni tukapanda. Juu ya safari sitasema mengi. Chakula kilikuwa kingi mno na supu ilikosa chumvi. Chumba kisicho na dirisha nililala ndani yake kama mtoto mchanga. Siku ya pili tukaingia katika hori letu, na niliiona milima yangu ikinijia kutoka upande nisiouzoea. Abiria wengine walipanda mabasi kwenda kutazama maporomoko. Sisi tulikwenda nyumbani kumlisha paka, ambaye alinitazama kama mtalii. Tuliporudi gatini Borgny alikuwa amesimama nyuma ya meza ya Oddny, amevaa aproni yake.

"Karibuni Norwe," alisema. "Shemeji, kimoja au viwili?" Akanitoza bei ya wageni.

Honi ilipolia tulikuwa kwenye sitaha ya juu, tumeegemea reli. Oddny alikuwa amenishika mkono kwa nguvu kuliko siku ya harusi. Chini, wanawake walitandua vitambaa, wakavikung'uta, wakavipunga.

Hakukuwa na haja ya darubini. Niliona doa la jamu kwenye kitambaa cha Borgny. Niliona jinsi anavyohamishia uzito mguu wa kushoto akichoka. Niliona nywele zake zilivyotoka kwenye kilemba, na niliona kwamba anatabasamu kwa mdomo huku macho yakitafuta kiti cha kukalia.

"Torleiv," alisema Oddny. "Wanaonekana wote. Mmoja mmoja." Akainama juu ya reli. "Kumbe walikuwa wananiona."

Nilitazama mwisho wa gati. Kamati ilikuwa imejipanga, migongo kwetu. Wa Arvid ulikuwa katikati, shati limechomoka nyuma.

Kando yetu alisimama bibi mmoja kutoka Aberdeen, mwenye kofia ya sufu. Aliniuliza kama wale walio chini wamegombana na mtu. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha shule ya jioni kwamba wanaupinga moshi.

"Oh, moshi!" alisema. "Sikujua. Nilishapita hapa kiangazi kingine. Siku hiyo alikuwepo mmoja tu, mzee mrefu mwenye kofia, hakujitikisa hata kidogo. Tulimpiga picha sote. Tulidhani ni sanamu."

"Sanamu ya nani?" nilimwuliza.

"Ya mabaharia waliozama, nadhani. Ilitugusa sana."

Oddny alijaribu kuzuia kicheko na akashindwa. Alicheka mpaka akalazimika kushika reli kwa mikono miwili, na bibi wa Aberdeen akaanza kucheka bila kujua sababu. Nilibaki nimesimama wima kwa muda, kwa mazoea. Miaka yote ile niliwaonyesha watu hasira yangu, nao vichwani mwao waliniwekea maua kama mnara wa waliozama. Msimu ujao, nikajiambia, nitasimama nikiwatazama usoni, na bango liwe na maandishi makubwa.

Meli ilianza kugeuka. Oddny alifungua mkoba wake akatoa kitambaa cheupe cha meza, kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Alikuwa amekibeba tangu nyumbani.

"Shika upande huo," alisema.

"Kamati itaona."

"Kamati imetupa mgongo."

Nikashika upande wangu. Tulikipunga juu ya reli, na kule chini Borgny akaanza kurukaruka na kuita kwa sauti ambayo haikutufikia. Arvid aliisikia. Kanuni ni kanuni, na mwili wake haukugeuka hata kidogo, lakini kichwa kilishindwa. Alitazama nyuma kupitia bega lake, akaniona na kitambaa changu, na kutoka ghorofa ya kumi niliona wazi kabisa mabega yake yakitikisika kwa kicheko.