Kadi Bila Harusi

Mdomo huponza kichwa, lakini mdomo wa Mjomba Phanuel ulikiponza kichwa cha Mideva. Mideva alimwambia kadi yake imefika kutoka Amerika, naye, kabla ya kuuliza kadi gani, alikwisha kuitangaza sokoni Khayega. Akina mama wakapiga vigelegele: Mideva anaolewa na Mzungu!

Lo! Kumbe ni kadi ya kompyuta, ya kutia michoro uhai, aliyotumiwa na kakake. Mwaka huo wa tisini na sita ilikuwa ngeni hata huko ilikotoka. Mideva akaichomeka kwenye kompyuta ya kuchapia barua, katika duka la mjomba mjini Kakamega. Vijana wakajaa mlangoni. Akafungua gemu moja, akafungua zote. Hakuna kilichobadilika. Gemu zilikuwa za zamani, hazikujua kadi hiyo ipo.

"Kadi bila harusi!" vijana wakaangua kicheko, na jina likamganda Mideva.

Mjomba aliona haya, na haya ikageuka hasira. "Ing'oe! Jumamosi naleta mtu tubadilishane na printa."

"Mjomba, si wewe ulimnunua Tingatinga kabla ya kujua atapigana na nani?"

"Huyo ni fahali! Fahali tunalishanga kwanza. Mpinzani atakuja."

Mideva akalishika neno hilo. Gemu hakuna? Basi ataitengeneza mwenyewe. Kadi ilikuja na diski ya maelekezo, Kiingereza kigumu kama ugali wa jana, naye akayatafuna yote. Alikosea, akafuta, akalia, akaanza tena.

Jumamosi Phanuel aliingia na mwenye printa. Mideva akabonyeza kitufe.

Fahali mweusi akatokea kwenye kioo. Akageuka polepole, mbavu zikaonekana, kisha mgongo, kisha kichwa kilichoinama, ncha ya pembe ya kushoto imevunjika. Akaparura vumbi kwa kwato.

Phanuel, bila kujijua, akampigia ule mluzi anaompigia Tingatinga uwanjani.

"Ni yeye! Wallahi ni yeye! Na mpinzani?"

"Namlisha bado, mjomba. Atakuja."

"Sasa printa yangu..." mgeni akaanza.

"Rudi nayo!" Phanuel alikwisha kufika mlangoni, akiuita mtaa mzima. "Wako wapi waliocheka? Leteni na ngoma za isukuti mpige! Kadi mliiona, njooni basi muione harusi!"