Ardhi Iliyoinama kwa Mwenyekiti

Apolline aliilaza droni mezani, akaunganisha waya mwekundu wa gimbali na betri, mweusi upande wa hasi, na ule mwembamba wa njano kwenye kipokezi cha rimoti. Gimbali ni kile kikono chenye vimota kinachoishika kamera isiyumbe hewani. Kilitetemeka, kikatulia. Huko Mbarara, kwenye duka la karibu na Ruharo alikokinunua, alikisawazisha kwa pimamaji na picha ikatoka imenyooka. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, ilitoka imelala upande.

Alikagua waya, hakuona kosa. Akaiweka pimamaji chini, kwenye udongo. Kiputo cha hewa kilikimbilia juu, mbali na ua wa Bienfait, mwenyekiti wa kijiji.

"Ni udongo ndiyo unainama," alisema shangazi yake, Mukeshimana, akiendelea kuchambua maharagi. "Tangu bamuchague, unaendaka kwake tu."

Kila mvua iliponyesha, tuta moja la Mukeshimana liliteremka na mizizi na vijiti vyake, likapita chini ya ua wa Bienfait na kujipanga ndani. Viazi vilitangulia; maharagi yalijikokota hata kiangazi. Mukeshimana alipokwenda kulalamika, Bienfait alimwambia kwamba udongo unajua fasi, mahali unapotunzwa. Alimwambia hivyo huku akila viazi.

Shirika moja lilitaka filamu ya shamba la Bienfait, ambalo sasa liliitwa shamba la mfano. Apolline aliikubali kazi kwa sababu filamu ingeonyeshwa kwa wafadhili. Wakiona wenyewe, aliwaza, huenda shangazi akarudishiwa matuta yake.

Afisa wa shirika, Hamim, alifika kutoka Mbarara amevaa mabuti ya mvua, na ilikuwa kiangazi. Alitazama picha kwenye kioo cha simu.

"Hii kitu imelala. Nyoosha kamera."

"Kamera iko sawa, bwana. Ni udongo."

"Najua ni udongo," alisema Hamim. "Mimi nasema kamera."

"Sitaigusa."

Hamim hakubishana. Watu wa aina yake hawabishani. Aliichukua filamu jinsi ilivyokuwa.

Katika ukumbi wa hoteli, Mbarara, siku ya kuwaonyesha wafadhili, aliweka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja wa televisheni. Hakikutosha. Akawaomba wageni wainamishe vichwa kidogo upande wa kushoto. Wakainamisha wote, sambusa mikononi, na mama mmoja mwenye miwani akauliza kwa heshima kama ainamishe zaidi. Shamba likanyooka. Maharagi ya Mukeshimana yalikuwa yanapita chini ya ua, naye amelishika shina moja kwa mikono miwili, akiburutwa nalo.

"Na huyo mama?" aliuliza mgeni.

"Huyo anasaidia mwenyekiti kusukuma," alisema Hamim.

Walipiga makofi vichwa vikiwa vimelala. Apolline, aliyesimama nyuma, alisema kwamba yule ni shangazi yake na maharagi ni yake. Wageni wakageuka kumtazama. Kwa kuwa shingo zao zilikuwa bado zimepinda, walimwona yeye ndiye amekaa upande, wakamhurumia. Mmoja alimletea kiti. Bienfait, aliyeketi mbele, akapewa cheti na reki mpya.

Usiku ule mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha. Apolline aliporudi Nakivale asubuhi, hakuikuta nyumba yao mahali pake. Ilikuwa imeteremka ikasimama ndani ya ua wa Bienfait, bila ufa, moshi ukitoka jikoni kama kawaida. Kupitia mlangoni alimwona shangazi yake akikoroga uji.

Bienfait alikuwa amesimama langoni, na reki.

"Huku kwangu batu bote banapigaka hodi mbele ya kuingia," alisema.

Apolline alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni, akarudi tena viatuni, jinsi mtu anavyotazama kitu kilichokwama chini ya kandambili. Njaa ilikuwa inamuuma. Shangazi alikuwa tayari amemmiminia bakuli la pili.

"Hodi," alisema.

"Karibu, binti yangu," akajibu Bienfait, akamfungulia kwa ukarimu mkubwa.