Kuku wa Kitoweo

Mjomba wangu tulimwita Wakili kwa sababu aliwahi kufagia mahakamani, na mdomo wake haukujua likizo. Huo mdomo ndio uliotuponza.

Mama alikuwa na kuku kwenye kiwanja tulichokodi. Mayai yao ndiyo yaliyotulisha tangu baba afariki. Bwana Afya wa halmashauri alipokuja kusema ni marufuku kufuga kwenye kiwanja cha kukodi, na kwamba tusipotii tutafukuzwa, Mama alitaka kumwomba muda tu. Kuku wake mmoja mwekundu alikuwa anaatamia, na mayai yalikaribia kuanguliwa.

"Dada, niachie mimi," Mjomba akasema. Akajikohoza. "Mheshimiwa, sheria inakataza kufuga. Hawa hawafugwi. Ni kitoweo tu, wanasubiri sufuria."

Akanikonyeza, mshenzi yule.

Bwana Afya hakukasirika. Alitabasamu, akavuta kigoda cha Mama, akaketi. "Umesema kweli. Kitoweo si mfugo. Basi kichinjwe, nishuhudie, tumalize ugomvi."

"Leo?" Mama akauliza.

"Kwani kitoweo kina miadi, mama?"

Kisu alipewa Mjomba, maana maneno yalikuwa yake. Alichinja huku jasho likimtiririka, na Mama ndiye aliyemshikia miguu ya kuku, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi kwa sauti ya chini. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kutazama.

Akabaki yule mwekundu. Mama akapiga magoti mbele ya Bwana Afya.

"Baba, huyu niachie. Anaatamia. Wiki hii tu."

"Kitoweo hakiatamii, mama."

Naye akachinjwa. Bwana Afya akampa Mjomba mkono, akampongeza kwa kuijua sheria: hakuna faini, hakuna kufukuzwa. Akaondoka na wawili walionona.

Jioni Mjomba alikuwa amesharudiwa na sauti. "Lakini tumeshinda, dada. Si tumeshinda?"

Mama alimwekea bakuli, akaketi mbele yake. Hamkuwa na nyama. Yalikuwa mayai ya yule mwekundu, yamechemshwa.

"Kula, kaka. Kitoweo hicho."

Mjomba alimenya la kwanza, akaona manyoya. Alitaka kuinuka. Mama akamkamata mkono, ule ule ulioshika kisu.

"Kula."

Mjomba akanigeukia mimi, anitetee. Nikaenda kufunga mlango.